Mibuni ya Ruiru na Fedha za Uchunguzi

Maneno ya mazungumzo kwa wakulima na wakaaji wa mjini wa Thika na Ruiru



Mtu asafiriye kwa barabara kuu kutoka Nairobi kwenda Thika siku hizi huona majumba mengi mahali palipokuwa na mashamba ya kahawa. Hata hivyo, karibu na mji wa Ruiru liko shamba ambalo mibuni yake haikupandwa kwa ajili ya kuuzwa tu, bali imepandwa ili ichunguzwe. Hapo ndipo kilipo kituo cha uchunguzi wa kahawa, ambacho historia yake hapo Ruiru yaanzia miaka ya 1940. Watu wengi hupita karibu nacho kila siku wala hawajui yanayotendeka ndani. Wengine husikia ya kuwa serikali hutoa fedha kuwalipa watu wanaotazama majani kwa darubini, nao huuliza: Je, fedha hizo zisingefaa zaidi kununulia dawa za hospitali, au kutengenezea barabara?

Swali hilo ni la haki, maana fedha za serikali ni fedha za watu, nazo hazitoshi mahitaji yote. Njia njema ya kulijibu ni kufuata habari ya mti mmoja, yaani mbuni, tangu uliposhikwa na maradhi hata ulipopatiwa kinga, na kutazama nani alilipa, nani alifaidiwa, na ilichukua muda gani.

MARADHI YALIYOKULA NUSU YA MAVUNO

Kahawa ya Kenya ina adui wawili wakubwa. Wa kwanza ni kutu ya majani, iliyofika nchini yapata mwaka 1912. Kutu hiyo ndiyo iliyoangamiza kahawa ya kisiwa cha Ceylon, ambacho siku hizi huitwa Sri Lanka. Ilionekana huko mwaka 1869, na hatimaye wakulima wa kisiwa kile waliing'oa mibuni yao wakapanda chai.

Adui wa pili alionekana magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Matunda mabichi ya kahawa yalipata madoa meusi yaliyodidimia, kisha yakaoza au yakakauka na kuanguka kabla ya kuiva. Ugonjwa huo huitwa chulebuni katika Tanzania, na wakulima wengi wa Kenya huutaja kwa herufi zake tatu, C.B.D. Huletwa na kuvu ndogo isiyoonekana kwa macho, ipendayo baridi na mvua, yaani hali ile ile ya milimani ambayo kahawa nzuri huipenda. Matone ya mvua huichukua kutoka tunda hata tunda, na kutoka mti hata mti.

Baadaye mbegu zilizosifiwa na wanunuzi wa ng'ambo zilikuwa SL28 na SL34. Herufi hizo zatokana na Scott Laboratories, mahali pa uchunguzi huko Kabete. Mwaka 1931 mtaalamu wa kahawa wa Kabete, Bwana A. D. Trench, alisafiri Tanganyika, akaona katika nchi ya Monduli mibuni iliyovumilia ukame. Mbegu zake zikaletwa Kabete, na mwaka 1935 ukachaguliwa mti mmoja miongoni mwa uzao wake, nao ndio chanzo cha SL28. Mti huo ulileta kahawa yenye ladha njema, tena ulivumilia jua. Walakini haukuwa na nguvu ya kushindana na chulebuni wala kutu.

Udhaifu huo ulionekana wazi mwaka 1968. Chulebuni ilienea kwa ukali usio na mfano, na yakadiriwa ya kuwa nusu ya mavuno ya nchi ilipotea. Mkulima mwenye fedha alinunua dawa akapiga mashamba yake mara kwa mara. Asiyekuwa nazo aliyatazama matunda yake yakianguka chini. Hata mwenye fedha hakustarehe, maana dawa za kuzuia maradhi hayo mawili zaweza kula hadi asilimia 30 ya gharama yote ya kulima kahawa. Tena mvua ikinyesha mara baada ya kupiga dawa, sehemu ya dawa huoshwa ikaenda zake mtoni, na fedha pamoja nayo.

MIAKA 14 YA KAZI

Kuanzia mwaka 1971, wataalamu wa Ruiru walishika kazi ya kuzalisha mbuni wenye kinga ndani yake, ili mkulima asiwe mtumwa wa dawa. Waliitafuta kinga hiyo popote ilipokuwapo. Palikuwa na mbuni uitwao Rume Sudan, kutoka nyanda za Boma katika Sudan ya Kusini. Palikuwa na mwingine wa kisiwa cha Timor, kule kusini-mashariki mwa Asia, ambako kahawa ya arabika ilijichanganya yenyewe na robusta ikapata nguvu ya kushindana na kutu. Palikuwa tena na Catimor, mbuni mfupi uliotoka Colombia.

Kazi ya kuchanganya mibuni si ya siku moja. Mbuni huchanua baada ya mvua, na maua yake hudumu siku chache tu. Mtaalamu hulifungua ua kabla halijafunguka lenyewe, akaziondoa sehemu zake za kiume, akalifunika lisiguswe na upepo wala nyuki, kisha akaleta chavua ya mti aliouchagua akalipaka. Tunda likiiva, mbegu hupandwa kitaluni. Mche huhitaji miaka mitatu hivi kabla ya kuonyesha mavuno yake. Hapo ndipo wataalamu wawezapo kuupima mzigo wake, na kuionja kahawa yake katika kikombe. Mti wenye kinga lakini kahawa yake si nzuri hukataliwa. Mti wenye kahawa nzuri lakini hauna kinga hukataliwa vile vile. Kisha kazi huanza upya na kizazi kingine.

Hivyo ndivyo miaka 14 ilivyopita. Mwaka 1985 mbegu mpya ikatolewa kwa wakulima, nayo ni Ruiru 11. Mama yake ni Catimor, na baba zake ni mibuni iliyochanganywa hapo hapo Ruiru, yenye damu ya SL28, SL34, Rume Sudan na Timor. Ina kinga ya chulebuni na kutu. Tena ni fupi, hata mkulima aweza kupanda miti 2,500 au zaidi katika hekta moja, ambapo mibuni ya zamani ilipandwa yapata 1,300. Kwa mtu mwenye kishamba cha robo ekari huko Gatundu au Gatanga, jambo hilo si dogo.

Lakini Ruiru 11 ilikuwa na shida yake. Mbegu yake hupatikana kwa kupakwa chavua kwa mkono, ua baada ya ua, na mkulima akizipanda mbegu za mti wake mwenyewe hatapata miti iliyo sawa na mama yao. Kwa hiyo miche haikutosha watu wote walioitaka. Wengine nao walinung'unika ya kuwa ladha yake haikufikia ile ya SL28. Wataalamu waliyasikia maneno hayo wakaendelea na kazi, na mwaka 2010 wakatoa mbegu nyingine, Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya. Mbuni huo ni mrefu, una kinga, na mbegu yake huzaa miti iliyo mfano wa mzazi wake. Tangu kuanza kwa kazi mwaka 1971 hata kutolewa kwa Batian ilikuwa miaka 39. Kijana aliyeajiriwa siku ya kwanza kuchimba mashimo ya mibuni ya majaribio alikuwa amekwisha kuwa mzee.

KWA NINI ASILIPE MFANYA BIASHARA?

Huenda mtu akasema: Ikiwa mbegu ni nzuri hivyo, basi na waje matajiri wenye makampuni waigharamie, wapate faida yao, na serikali ishughulike na mambo mengine.

Neno hilo lastahili kupimwa. Tajiri hutoa fedha zake mahali anapotumaini kuzipata tena, pamoja na faida, na mapema. Ni tajiri gani atakayengoja miaka 14, au 39? Tena, mbuni ukitunzwa huzaa kwa miaka mingi sana, kwa hiyo mkulima hununua mche mara moja tu, wala harudi dukani kila msimu. Na Batian ina shida kubwa zaidi kwa mwuzaji, ambayo kwa mkulima ni baraka: mbegu yake yaweza kuzaa tena iliyo mfano wake. Bidhaa ambayo mnunuzi aweza kujizalishia mwenyewe haimpi mwuzaji faida ya kudumu. Kwa hiyo kadiri mbegu inavyomfaa mkulima mdogo, ndivyo inavyopungua sababu ya mfanya biashara kuigharamia. Hapo ndipo fedha za umma zina kazi isiyoweza kufanywa na fedha nyingine.

Mfano wa pili uko sokoni Thika kila siku. Mama auzaye maharagwe huita Rosecoco, Mwitemania na Mwezi Moja. Wanunuzi wachache wajua ya kuwa aina hizo zilichaguliwa na kusafishwa katika kituo cha uchunguzi wa mboga na matunda hapo hapo Thika, katika kazi ya miaka ya 1970 na 1980 iliyosaidiwa na Uholanzi. Katika vitabu vya wataalamu bado zina alama ya G.L.P., yaani herufi za kazi ile. Leo maharagwe hayo yako katika sufuria za watu wasiojua kusoma herufi hizo, wala hawakulipa hata senti moja kwa ajili ya uchunguzi wake, illa kwa njia ya kodi.

Mfano wa tatu ni ndizi. Katika miaka ya 1990 migomba mingi ilikuwa imedhoofika kwa sababu watu walichukua machipukizi kutoka mgomba wa jirani, wakachukua na fukusi, minyoo na maradhi yaliyokuwamo. Wataalamu wa Thika, pamoja na shirika la I.S.A.A.A. na misaada ya nchi za nje, wakaleta njia ya kukuza miche katika chupa. Kipande kidogo cha kichipukizi huwekwa katika chakula safi ndani ya chupa, kikazaa miche mingi isiyo na maradhi. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, katikati ya Ruiru na Thika, nacho hutoa miche ya namna hiyo. Walakini mche wa chupa hununuliwa kwa fedha, ambapo chipukizi la jirani ni bure, na maskini wengi walibaki nyuma. Fundisho ni kwamba kugundua njia ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumfikia yule asiye na kitu.

UCHUMI WA VIUMBE HAI

Siku hizi wenye elimu hutaja jambo liitwalo uchumi wa viumbe hai. Maana yake si ngumu. Ni kujipatia chakula, dawa, nguvu za moto, mbolea na bidhaa za viwandani kutokana na mimea, wanyama na vijidudu, kwa kutumia elimu, badala ya kutegemea mafuta ya petroli na vitu vichimbwavyo ardhini. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kuandika mpango wake wa uchumi huo, kuanzia mwaka 2021/22 hata 2031/32.

Kwa watu wa Thika na Ruiru mpango huo waweza kuelezwa kwa kahawa hiyo hiyo. Katika kila kilo sita hivi za matunda mabivu, mkulima hupata kilo moja tu ya kahawa safi. Zilizosalia ni maganda, utelezi na maji. Katika viwanda vingi vya ushirika maganda huachwa yakaoza, na maji machafu yasipotunzwa huharibu mito ambayo watu wa chini huteka. Lakini maganda hayo hayo yaweza kuwa mbolea, yaweza kutoa gesi ya kupikia, na makapi makavu yaweza kuwa kuni za kiwandani. Ili jambo hilo lifanyike kwa faida wala si kwa hasara, lazima mtu apime, ajaribu, akosee, ajaribu tena. Kazi hiyo ndiyo uchunguzi, nayo yataka mshahara, chombo na wakati.

FEDHA ZATOKA WAPI?

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, uchunguzi wa kahawa ulitegemea zaidi makato yaliyotolewa katika mauzo ya wakulima wenyewe. Utaratibu huo ulikuwa na uzuri wake, maana mkulima aliweza kusema, Kituo hiki ni changu. Lakini ulikuwa na hatari iliyojificha. Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya mataifa yaliyoshikilia bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka ulimwenguni kote. Kenya, ambayo katika msimu wa 1987/88 ilivuna karibu tani 130,000, baadaye ilishuka hata chini ya tani 50,000 katika misimu mingi. Mavuno yakipungua, makato nayo hupungua. Ndipo mfuko wa uchunguzi unapopungua saa ile ile mkulima anapouhitaji zaidi, kama mtungi unaokauka siku nyumba inapoungua.

Mwaka 2013 Bunge lilipitisha sheria mbili zilizogusa jambo hili. Kwa sheria moja vituo vya uchunguzi wa kilimo, pamoja na kile cha Ruiru, vilikusanywa chini ya shirika moja la umma, yaani K.A.L.R.O. Kwa sheria ya pili, ya sayansi na teknolojia, uliundwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti, ikaandikwa ya kuwa Hazina itaupatia kila mwaka asilimia 2 ya pato zima la taifa, yaani shilingi 2 katika kila shilingi 100. Tangu siku hiyo kiasi hicho hakijapata kufikiwa. Hata Umoja wa Afrika, uliozitaka nchi zake mwaka 2006 zitoe walau asilimia 1, bado wangoja nchi nyingi, na Kenya ni miongoni mwao.

Pengo hilo halibaki wazi. Wafadhili wa nchi za nje hulijaza kidogo. Mathalan, mpango wa BioInnovate Africa wenye makao yake Nairobi, ambao husaidia wataalamu wa Afrika Mashariki kugeuza uchunguzi wao uwe bidhaa, umetegemea sana fedha za Uswidi. Msaada huo ni wa kushukuriwa. Lakini mwenye kulipa ndiye achaguaye swali la kuchunguzwa, na mgeni, hata akiwa mwema, aweza kugeukia jambo jingine. Maradhi ya kahawa hayatangoja mpaka mfadhili mwingine apatikane.

Wala isidhaniwe ya kuwa kazi imekwisha kwa kupatikana Ruiru 11 na Batian. Kuvu nazo ni viumbe hai, hubadilika. Huko Honduras wakulima waliitegemea mbegu iitwayo Lempira, ambayo ni ya jamii ya Catimor, sawasawa na mama wa Ruiru 11. Mwaka 2017 ilitangazwa ya kuwa kinga yake dhidi ya kutu imevunjika. Mbegu mpya ikianza kutafutwa siku ile ya zamani inaposhindwa, mkulima atangoja miaka 14 bila mavuno. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

HAKI YA KUULIZA

Hayo yote hayamaanishi ya kuwa kila shilingi iitwayo ya uchunguzi hutumika vema. Wako wakulima wasemao ya kuwa hawajamwona Bwana Shamba kwa miaka mingi. Wako wasemao ya kuwa kazi nyingi za wataalamu huishia katika makabati, kwa lugha isiyosomeka vijijini. Malalamiko hayo ni ya haki. Dawa yake si kuzinyima fedha kazi hizo, bali kuziuliza hesabu: ni swali gani lilichunguzwa, lilitoka kwa nani, na jibu lilimfikia mkulima gani?

Katiba ya mwaka 2010 yawapa wananchi nafasi ya kusikilizwa wakati makadirio ya fedha yanapotengenezwa, katika Bunge na katika kaunti. Kwa kawaida watu huenda huko kuomba barabara, maji na zahanati, nao wafanya vema. Chama cha ushirika cha kahawa chaweza kwenda vile vile kikauliza fedha za uchunguzi zilizoahidiwa na sheria ziko wapi. Mfanyakazi wa kiwandani Thika naye ana sababu ya kuuliza, ijapokuwa hana hata mbuni mmoja, kwa kuwa maharagwe ya chakula chake cha jioni yalianzia katika shamba la majaribio.

Tena liko jambo ambalo mkulima aweza kulifanya bila kungoja Bunge. Anunue miche katika vitalu vilivyothibitishwa. Akiona maradhi katika mbuni aliyeambiwa una kinga, asinyamaze wala asiung'oe kimya kimya, bali apeleke habari kwa ofisi ya kilimo au kituo cha Ruiru, maana mti mmoja ulioshikwa waweza kuwa onyo la kwanza kwa nchi nzima.

Barabara ikijengwa leo, watu huipita kesho, na aliyeitoa fedha husifiwa. Mbegu ikianza kutafutwa leo, huenda aliyetoa fedha asiwepo siku itakapopandwa. Ndiyo sababu ni rahisi kuiondoa katika makadirio wala asipatikane wa kulia. Watakaolia ni wale watakaosimama mashambani mwao, miaka mingi ijayo, wakiyatazama matunda meusi yakianguka, wakiuliza kwa nini hapakuwa na mtu aliyejitayarisha.